Siti ya Furaha

Mzee Kizito alipofariki mwanzoni mwa mwaka huu, nilikuwa mtu wa kwanza wa karakana kufika kwa mjane wake, Nalongo. Nilimsaidia kuoga, nikamfunga kitambaa kiunoni, nikaketi naye mkekani tangu alfajiri. Watu waliingia, wakapiga magoti, wakamshika mikono, wakatoka, naye hakuinua uso. Kama saa tano hivi akaingia mwanamke mwembamba aliyevaa kitenge cha kahawia, akavua viatu mlangoni, na kabla hajasema neno Nalongo akanyoosha mikono yote miwili na kulia kwa sauti, “Fulaha! Fulaha wange!” Furaha wangu, kwa Kiganda chake. Wakakumbatiana hapo hapo. Mimi nikasogea ili wapate nafasi. Nina miaka arobaini na moja. Nilifanya kazi kwenye karakana ile miaka kumi na sita, na chakula cha mama huyo nimekila siku nyingi kuliko cha mama yangu mzazi. Furaha alikaa nao mwaka mmoja tu. Na pale msibani, maiti ikiwa chumba cha pili, nikajua kwamba wivu wangu wa zamani miaka yote hii ulikuwa umelala tu.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, naishi bado katika nyumba za polisi Nsambya, na kila asubuhi nateremka kwa baiskeli hadi Kansanga, kwenye duka la Mzee Kizito la kutengeneza baiskeli, kando ya barabara ya Ggaba. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mabati wa kukunja. Baiskeli zilining'inia darini kwa ndoano, ukutani kulikuwa na picha zake mwenyewe za ujana, amevaa fulana ya mbio iliyombana, na nyuma, ukipita pazia, kulikuwa na chumba cha Nalongo na uwanja mdogo wa kupikia. Upande mmoja tulipakana na baa iliyofunguliwa saa nne asubuhi. Upande wa pili alikaa mkaanga chapati. Kwa hiyo mafuta ya chapati na mafuta ya taa tuliyooshea cheni yalichanganyika hewani, na mpaka leo nikinusa mojawapo huhisi njaa. Adhuhuri Nalongo alipakua matoke na mchuzi wa karanga, tukala tumekaa chini, Mzee peke yake kwenye kigoda. Mimi ndiye niliyekuwa nikinawisha watu mikono, na mimi ndiye niliyepewa ukoko wa karanga chini ya sufuria. Nakumbuka hilo la ukoko kwa sababu lilikuja kubadilika.

Siku moja fremu ya baiskeli ya mbio ililetwa na daktari mmoja wa kigeni aliyekuwa akihama nyumba yake kule Muyenga. Alikuwa amefungua kila kitu, magurudumu, gia, breki, ili asafiri navyo, lakini fremu na uma wake wa mbele vilikuwa na mkwaruzo uliomtia shaka, akamwachia Mzee. Ilikuwa ya kaboni, nyeusi tupu, haina rangi wala jina, ukiisogeza kwenye mwanga unaona nyuzi zilivyosukwa. Niliiinua kwa kidole kimoja. Baiskeli niliyokuwa nikiiendesha kwenye mashindano wakati huo ilikuwa ya chuma, fremu yake peke yake ilikuwa na uzito karibu mara tatu ya ile. Mzee aliigonga polepole kwa sarafu kuanzia shingoni hadi nyuma, ameinamisha sikio, anasikiliza. Kaboni iliyopasuka ndani hutoa sauti ya mkebe uliojaa maji. Hii ilitoa sauti moja, kavu, mwanzo hadi mwisho. “Ni nzima,” akasema. “Akello nyabo, chuma ukikikosea kinapinda, unaona. Hii haipindi. Inanyamaza, inanyamaza, halafu siku moja iko vipande viwili na wewe uko balabalani. Kila boliti kwa kipimo chake. Sikia?” Nikamwambia nimesikia. Akaitundika juu ya benchi langu, si juu ya lake, na hakuna mtu aliyehitaji kuniambia maana yake.

Tuliijenga kwa miezi mitano. Vifaa vyake havikuwa vya kununua siku moja. Nilishinda sokoni Kikuubo siku nzima nzima, nikipenya katikati ya magunia na mikokoteni hadi kwa mfanyabiashara mmoja aliyeingiza baiskeli kuukuu kutoka Ulaya, zimefungwa pamoja na majiko na viti vya watoto. Aliniacha nichakure. Huko ndiko nilikopata krenki za alumini, ile mikono ya kushikia pedali, zisizo na mkwaruzo, na siku nyingine, chini ya lundo la minyororo yenye kutu, kibadilisha gia cha nyuma ambacho mwenyewe hakujua ni kitu gani. Magurudumu niliyasuka mwenyewe, spoki moja moja, nikayanyoosha kwa siku tatu mpaka rimu ikawa inazunguka katikati ya kucha zangu mbili bila kugusa yoyote. Beringi nilizifungua, nikaziosha, nikazipaka grisi nyembamba. Bomba la siti lilikuwa la kaboni pia, na kaboni juu ya kaboni huteleza, kwa hiyo tuliagiza Nairobi ule mlenda wenye chembechembe kama mchanga, unaopakwa ili likamate bila kukazwa sana. Kwa boliti ndogo Mzee aliniazima spana yake ya kupima, ile inayolia tak ukifika kiasi. Hakuwahi kumwazima mtu. Jioni nikiwa narudi Nsambya nilikuwa nikijiona juu ya baiskeli ile, mgongo chini, napanda Muyenga huku watu wa baa wakisimama. Nilijua itakuwa ya nani. Mimi na fremu ile tulilingana kimo kana kwamba tuliagizwa pamoja.

Furaha alikuja mwezi wa tatu wa kazi hiyo, kuziba pancha. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, umri kama wangu, kimo kama changu, anakaa na shangazi yake nyuma ya kanisa lao pale Kansanga. Kazi yake ilikuwa kupeleka mikate. Kila siku alifunga kreti mbili nyuma ya gaali nyeusi, baiskeli zile nzito za kubebea ndizi, akapanda nazo Muyenga hadi kwenye nyumba za wenye mageti. Mzee hakumtazama alipoingia. Alimtazama alipotoka. Alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi akamwona akishika mlima na kreti zake, hajasimama juu ya pedali, hajatikisa mabega, anakwenda tu, na chai ikapoa. Kesho yake akamwambia apite. Wiki iliyofuata akampa baiskeli ya chuma ya mazoezi. Mwezi uliofuata tulikuwa tukienda Munyonyo na kurudi pamoja, watatu, Mzee nyuma yetu kwenye bodaboda akipiga kelele, na kwenye kila mlima nilikuwa nikiuona mgongo wa Furaha ukiwa mdogo, mdogo, halafu haupo. Juu aliningoja. Aliningoja kila mara, anatabasamu, ananinyooshea chupa ya maji. “Pole dada, hii mlima iko mubaya.” Ingekuwa rahisi kama angenicheka.

Niliudhika na kila kitu chake. Niliudhika na namna alivyoiita baiskeli kinga, na baada ya siku chache Mzee naye akaanza kusema kinga. Niliudhika kwamba aliimba akiosha vyombo na Nalongo akaacha kupika ili asikilize. Siku moja adhuhuri Nalongo alikwangua sufuria, akauweka ukoko kwenye sahani ya Furaha, bila kufikiri, akaendelea na habari aliyokuwa akisimulia. Furaha akaumega katikati akanipa nusu. Nikasema nimeshiba. Nilikuwa sijashiba. Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, nimezoea kugombania vitu waziwazi, ngumi na matusi na kesho tumesahau. Sikujua la kufanya na mtu aliyekuwa akinigawia kilichokuwa changu.

Halafu nikasikia nisichotakiwa kusikia. Nilikuwa nyuma ya duka, nimechuchumaa, naosha cheni kwenye bakuli la mafuta ya taa. Dirisha la chumba cha Nalongo halikuwa na kioo. Alikuwa akimenya matoke, Mzee amejilaza kitandani kupumzisha mgongo, wanaongea Kiganda kwa sauti ya watu waliooana muda mrefu. Nalongo akauliza, “Na ile nyeusi utampa nani?” “Akello ameijenga vizuri,” akasema Mzee. “Yule binti ana mikono. Mimi mwenyewe sikuwa na mikono kama ile.” Nikatabasamu peke yangu kama mjinga. “Lakini mwingine ana miguu. Mikono naweza kumfundisha mtu. Miguu ile sijaiona tangu niache kushindana.” Nalongo akasema, “Akello ataumia.” Mzee akasema, “Akello ni mtu mzima,” na nikasikia kitanda kikilia alipogeuka upande. Nikaendelea kuosha cheni ile. Niliiosha mpaka vidole vikachubuka.

Siku baiskeli ilipokamilika tuliipeleka kwa muuza nyama wa jirani, tukaining'iniza kwenye mzani wake, kwenye ndoano ileile aliyokuwa ametoka kuondoa paja la ng'ombe. Watu wa baa walitoka na chupa zao. Mshale ulitulia juu kidogo ya kilo saba. Mwenye bucha akaugonga mzani akidhani umeharibika. Mzee Kizito, ambaye sikuwahi kumwona akicheza, alicheza hatua mbili tatu pale kwenye vumbi, akanishika bega mbele ya wote, akasema, “Mikono ya huyu!” Kisha akaitoa baiskeli kwenye ndoano, akapita mbele yangu nayo, akamkabidhi Furaha. Furaha akanitazama kwanza mimi. “Ni ya weye,” akasema kwa sauti ndogo. Mzee akamwambia, “Ni ya duka. Wewe utaiendesha. Akello ataitunza.” Nami nikasema ndiyo, nitaitunza, na nikapiga makofi na wengine.

Jambo lililokuwa mbele yetu lilikuwa mbio za barabara ya Gayaza hadi Kalagi na kurudi, mara mbili, wasichana peke yao. Wawili wa kwanza wangechukuliwa kwenye kambi ya mazoezi nje ya nchi kwa miezi sita, na kwa mtu kama Furaha, mkimbizi anayebeba mikate, hiyo ilikuwa ni karatasi, ni chakula, ni jina. Mzee alimpima mwenyewe. Alimsimamisha ukutani bila viatu, akampima mguu kutoka kwenye kinena hadi sakafuni, akampandisha juu ya baiskeli nikiwa nimeishikilia, akashusha siti, akapandisha, mpaka akaridhika. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ingawa tulikuwa kimo kimoja, miguu ya Furaha ilikuwa mirefu kuliko yangu. Ilikuwa tofauti ndogo, lakini ilikuwepo. Kutoka katikati ya mhimili wa pedali hadi juu ya siti, sentimita sabini na moja na nusu. Mzee akatia alama kwenye bomba la siti, akaandika namba kwenye daftari lake la shule, akalirudisha kwenye droo.

Siku mbili baadaye baiskeli ikaanza kulia. Kila Furaha alipokanyaga kwa nguvu palitoka mlio kama wa kiti cha mbao. Mtu asiyejua kaboni angekaza kila boliti mpaka kitu kipasuke. Mimi niliifungua yote, Jumamosi asubuhi, duka likiwa tulivu na Mzee amekwenda kwenye arusi. Nikasafisha beringi, hazikuwa hizo. Nikasafisha krenki, hazikuwa hizo. Mlio ulikuwa kwenye bomba la siti, vumbi limeingia. Nikalifuta, nikapaka mlenda upya, nikalirudisha ndani ya fremu, nikachukua futi ya chuma nipime. Nakumbuka mwanga ulivyokuwa umeingia mlangoni na mkaanga chapati alivyokuwa akibishana na mteja kuhusu yai. Sikuwa na hasira wakati ule. Nilikuwa mtulivu kama mtu anayefanya kazi yake. Niliteremsha bomba milimita nane chini ya alama, nikafunga kwa kipimo, spana ikalia tak. Kisha nikachukua kitambaa nikaifuta alama. Niliwahi kujiambia, miaka ya baadaye, kwamba mkono uliteleza. Mkono wangu hauwi hivyo. Kama kuna kitu ninachojivunia duniani ni kwamba mkono wangu hautelezi.

Milimita nane mtu hazioni kwa macho. Goti linaziona. Siti ikiwa chini kidogo goti linakunjika zaidi ya linavyotaka, na kwa mtu anayekanyaga maelfu ya mara kila siku, maumivu huja mbele ya goti, chini ya kile kifuniko cha mfupa. Wiki ya kwanza Furaha hakusema. Wiki ya pili alikuja dukani akakaa kwenye kreti, akajishika mguu. “Akello, goti iko inaniuma. Tangu nianze kupanda hii kinga. Labda siti?”

“Siti iko sawa,” nikamwambia. “Nilipima mwenyewe. Ni milima. Utazoea.”

“Eh, bon. Kama umesema weye.” Akanyanyuka. “Weye ndiye unaijua.”

Akaondoka kuendelea kufanya mazoezi. Hilo ndilo ninalolikumbuka nikiwa naendesha gari, nikiwa naosha watoto, mahali popote. Nilikuwa na nafasi, alinipa nafasi hiyo mkononi, akaitaja siti kwa jina lake, nami nikamtazama usoni. Na nisiwe mwongo sasa baada ya kukubali kuandika: siku ile Mzee alipomwona akichechemea na kukunja uso, nilifurahi. Nilirudi Nsambya nikala vizuri. Mama yangu aliniuliza nimepata nini. Wivu watu husema unauma, na kweli unauma, lakini hawasemi kwamba kuna siku unashibisha.

Siku tatu kabla ya mbio goti lilikuwa limevimba kiasi kwamba suruali ya mazoezi haikupita. Nalongo alimkanda kwa maji ya chumvi pale uwanjani, Furaha ameuma kanga. Mzee alizunguka duka mara mbili, akashika kiuno, akasema, “Basi. Akello ataendesha.” Alisema bila kunitazama, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Furaha akaitikia kwa kichwa. Akasimama akichechemea, akaishika baiskeli kwa nyuma ili nipande wanipime, kama mimi nilivyomshikia yeye. “Panda, dada,” akasema. “Wacha tuone siti yako.”

Nikapanda. Nikaweka kisigino kwenye pedali, mguu ukanyooka barabara. Nikaweka kidole cha mguu, goti likakunjika pale linapotakiwa. Mzee alikuwa amekwisha kushika ufunguo wa boliti ili aishushe siti, kwa sababu alijua mguu wangu ni mfupi kuliko wa Furaha, naye ufunguo ukamkaa mkononi. Akautazama mguu wangu. Akaniuliza polepole, “Umeigusa siti leo?” Nikasema hapana, na neno likatoka kabla sijalifikiri, na lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililonimaliza, kwa kuwa basi siti ilikuwa chini tangu Furaha alipokuwa akiipanda. Alikwenda kwenye droo akatoa daftari. Akachukua futi, akapima, akasoma daftari, akapima tena. Macho yake yalikuwa yameanza kuharibika, akanipa futi nisome mwenyewe. “Ngapi?”

“Sabini nukta saba,” nikasema.

Nalongo alikuwa amesimama penye pazia na beseni. Mzee Kizito akasema, si kwa ukali, “Utamwambia wewe au nimwambie mimi?”

Furaha alikuwa bado ameishikilia baiskeli kwa nyuma, na mimi nilikuwa bado juu yake. Ilibidi nigeuze shingo. Nikamwambia, “Niliishusha mimi. Siku ile ilipokuwa inalia. Nilijua.” Nilingoja anisukume nianguke. Hakunisukuma. Alikuwa akifikiri, midomo inatembea kidogo, kama anayehesabu siku.

“Miye nilifikiri ni mwili yangu,” akasema. “Nilienda kanisani. Nilisimama mbele, nikaomba watu waombee goti yangu. Shangazi alifunga siku mbili, hakula. Wamama wote waliweka mikono hapa, Akello.” Akaligusa goti. “Walilia. Walikuwa wanaomba Mungu aondoe ugonjwa.” Akaiachia baiskeli, nikaweka mguu chini haraka ili nisianguke. “Na weye ulikuwa unajua.”

Niliteremka. Nikasema sitaipanda, nikasema nitampeleka hospitali, nikasema mambo mengi. Alinikatiza. “Panda. Uliitaka, sivyo? Enda nayo.” Na akatoka kwa mguu wake mmoja na nusu, hajataka Nalongo amshike.

Nilikwenda nayo. Mzee hakunikataza wala hakunitia moyo. Alinipeleka Gayaza, akanifungia namba mgongoni, akakaa ndani ya gari. Sijawahi kuendesha kitu kama kile. Kwenye tambarare kilikuwa kinaninong'oneza tu, gia zinaingia ukifikiri tu, magurudumu yangu yako wima kama siku niliyoyasuka, na kwa nusu saa nilikuwa wa tatu, halafu wa pili, na niliamini. Halafu tukafika kwenye vilima vya Kalagi. Wasichana wakaanza kunipita. Mmoja alikuwa kwenye baiskeli ya chuma yenye breki zinazolia. Nilikanyaga mpaka nikaona madoa, hakuna kilichokuwa kimebaki cha kulaumu, hapakuwa na gramu ya ziada wala boliti iliyokuwa imekosewa, na milima ikaendelea kuwa mirefu. Nilimaliza wa tisa kati ya kumi na wawili. Waliochaguliwa siwajui hata majina. Njiani kurudi Mzee alinunua gonja, ndizi za kuchoma, akanipa moja, naye akala yake.

Hakunifukuza. Wakati mwingine nadhani ilikuwa adhabu na wakati mwingine nadhani alikuwa na haja ya mikono. Nalongo aliendelea kunipakulia, na baada ya wiki chache ukoko ukarudi kwenye sahani yangu, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kupewa, nami niliula kila siku na sikuwahi kuutaka tena. Leo nina duka langu mwenyewe, na kazi yangu kubwa ni kupima watu: wanakuja na baiskeli zao za bei mbaya, napandisha, nateremsha, wanasema maumivu yameisha. Wananisifu kwa umakini wangu. Nampima kila mtu mara tatu na kumwonyesha namba asome mwenyewe, na wao hudhani ni utaalamu.

Kwenye mazishi, watu walipokuwa wakila, nilimkuta Furaha nyuma ya nyumba ananawa mikono. Sasa anakaa Kigali, ana watoto wawili. Nilisikia kwamba alishindana huko misimu minne na kwamba alishinda mara nyingi, na nakiri hata habari hiyo nilipoisikia niliuliza haraka alishinda dhidi ya kina nani. Nilimmiminia maji. Nikasema, “Furaha, ile siti.” Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kumi na tisa, nilikuwa na maneno. Yeye akakung'uta mikono, akasema kwa upole, “Leo tumekuja kumuzika Mzee,” akaingia ndani kwa Nalongo. Nikabaki na birika.

Mara ya mwisho kumwona mwaka ule wa mbio ilikuwa Desemba, siku chache kabla ya Krismasi. Goti lilikuwa limepona, na mjomba wake alikuwa amemwita Kigali. Mzee alikuwa amempa ile nyeusi aende nayo, aipande kabla ya safari aone kama iko sawa. Alikuja asubuhi na shangazi yake, amevaa gauni la kanisani, akanisalimia kama kawaida, habari za nyumbani, habari za kazi. Baiskeli ilikuwa juu ya benchi langu, nilikuwa nimeisafisha kwa siku mbili. Nikachukua ufunguo nimfungie siti. Furaha akasema, “Mzee, naomba unifungie weye mwenyewe.”

Mzee akanitazama, akanyanyuka kwenye kigoda. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka mwaka ule. Ilimchukua muda kuipata boliti, ufunguo ukadondoka, nikauokota nikampa, ukadondoka tena, Furaha akauokota yeye. Niliona anakosea, anakaza kwa pembeni, nikafungua mdomo nikaufunga. Alipomaliza alikuwa na jasho. Akaniambia, “Akello, angalia kama nimefunga sawa.”

“Hapana, Mzee,” akasema Furaha. “Nimekuona. Imetosha.”

Akakunja gauni, akapanda, akazunguka mbele ya baa mara moja, mara mbili, akarudi akasema iko vizuri, aksanti. Akamkumbatia Mzee. Akaingia ndani kumkumbatia Nalongo, nikawasikia wote wawili wakilia na kucheka. Alipotoka akanipa mkono, akaushika wangu kwa heshima kidogo, kama unavyomshika mteja uliyemkuta dukani, akaniambia nibaki salama.